Barua ya wazi kwa mawaziri watatu: mpiganaji wa Kagera anatibiwa na nani?

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa,
Mheshimiwa Waziri wa Afya,
na Mheshimiwa Waziri wa Nchi, TAMISEMI.

Waheshimiwa,

Nawaandikia watatu kwa pamoja kwa sababu kila mmoja wenu ameshika kipande cha jambo hili, na hakuna aliye nalo zima. Waziri wa Ulinzi ana majina ya waliopigana, au sehemu ya majina hayo, pamoja na hospitali za jeshi kuanzia Lugalo. Waziri wa Afya ana sera, miongozo ya tiba na hospitali kubwa za rufaa. Waziri wa TAMISEMI ana zahanati na vituo vya afya, yaani pale mzee wa kijijini anapofika kwa miguu yake au kwa bodaboda. Mpiganaji wa zamani akiugua huanzia kwa TAMISEMI, akizidiwa hupelekwa kwa Afya, na historia ya mwili wake imebaki Ulinzi. Njia nzima hiyo hakuna anayemuuliza kama aliwahi kwenda vitani.

Mimi ni tabibu katika kituo cha afya Wilaya ya Missenyi, mkoani Kagera. Kyaka, Mutukula, Kakunyu, Minziro: haya ndiyo maeneo ambayo majeshi ya Idi Amin yaliyavamia mwishoni mwa Oktoba 1978, yakadai kuwa ardhi yote mpaka Mto Kagera ni ya Uganda, yakalivunja daraja la Kyaka. Wapo wanaodhani nikiyataja haya nasimulia historia. Kwangu mimi ni wagonjwa wa foleni ya Jumatatu.

Vita vya Kagera vilivyofuata havikupiganwa na wanajeshi wa kudumu peke yao. Vilipoanza, Jeshi la Wananchi lilikuwa na watu wasiozidi 40,000 hivi. Kabla vita havijaisha, waliobeba silaha kwa jumla walikaribia 150,000: wanajeshi, polisi, magereza, vijana wa JKT, na mgambo waliokusanywa mikoani, ambao peke yao hukadiriwa kufika 40,000. Mgambo walipewa mafunzo ya muda mfupi, wakapakiwa kwenye malori, wakaletwa huku. Mji wa Masaka, ndani ya Uganda, ulipochukuliwa Februari 1979 walikuwepo. Lukaya, walipokutana na askari wa Libya wa upande wa Amin, walikuwepo. Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili walikuwepo, na wengine waliendelea mbele hadi mpaka wa Sudan mwanzoni mwa Juni. Sehemu kubwa ya safari hiyo waliitembea.

Kisha wakarudi makwao. Mwanajeshi wa kudumu aliendelea na ajira, akastaafu, na ana namba yake ya jeshi na pensheni yake. Mgambo alirudi kwenye jembe. Hakuwa mwajiriwa, kwa hiyo hakuna siku aliyostaafu, na kila mpango unaoandikwa kwa ajili ya wanajeshi wastaafu humpita pembeni. Aliyekuwa kijana wa miaka 20 mwaka 1978 alizaliwa 1958. Hao ndio walikuwa wadogo wao. Makamanda wamekwisha kututoka mmoja baada ya mwingine. Jenerali David Musuguri tulimzika mwaka 2024, akiwa amepita umri wa miaka 100. Waliokuwa wakipokea amri zake nao ni wazee sasa, na miili yao inadai deni ambalo ujana uliweza kulibeba kimyakimya.

Niseme ninachokiona, maana ninyi mna ripoti na mimi nina wagonjwa.

Mzee anakuja analalamika mgongo na magoti. Ukimpima utakuta presha iko juu, na ukichukua kipimo cha damu utakuta figo zimeanza kuchoka. Ukimhoji vizuri atakuambia amekuwa akinunua diklofenaki kwenye duka la dawa muhimu kila wiki, miaka nenda rudi, kwa ajili ya maumivu yaliyoanza "kule". Dawa hizo zikitumiwa muda mrefu huharibu figo na kupandisha presha, na kwa mtu mwenye umri wake ni hatari zaidi. Kila mara alipofika kituoni alitibiwa presha. Maumivu yanayomfanya anunue dawa hayakuwahi kushughulikiwa, kwa sababu hakuna aliyejua yalikotoka, naye hakusema. Wazee hawa hawasemi. Ukimwona na kovu pajani ukauliza, "Shikamoo babu, na hili kovu?" atakujibu, "Marahaba mjukuu wangu. Hilo la zamani tu." Usipouliza mara ya pili, habari imeishia hapo.

Na kovu hilo lina maana yake kitabibu. Mtu mwenye kipande cha bomu kilichobaki mwilini hapaswi kuingizwa kwenye mashine ya MRI kabla hajapigwa eksirei na kujulikana chuma kiko wapi, kwa sababu sumaku ya mashine ile inaweza kukisogeza. Zamani hilo halikutuhusu, MRI ilikuwa kitu cha kusikia tu. Leo baadhi ya hospitali za kanda zinazo, na mgonjwa wa kiharusi au wa uti wa mgongo kutoka kijijini anaweza kufikishwa huko hajitambui. Nani atamsemea kuwa ana chuma mwilini, kama faili lake halijui?

Kuna pia damu. Aliyejeruhiwa mwaka 1979 na akaongezewa damu, aliongezewa wakati virusi vya homa ya ini aina ya C vilikuwa havijatambuliwa popote duniani. Vilitambuliwa mwaka 1989. Huyu anastahili kupimwa homa ya ini mara moja, aina ya B na ya C, ili ijulikane. Ya C siku hizi ina dawa ya kuiponya. Lakini haiponi isipopimwa, na haipimwi kama mganga hajui kuwa mzee aliwahi kuongezewa damu kwenye hospitali ya vitani.

Kuna masikio. Waliokaa karibu na mizinga na makombora yale ambayo watu wa Uganda waliyaita Saba Saba, wengi wao hawasikii vizuri. Nyumbani huonekana wakali, au wamezeeka vibaya, au wanapuuza watu. Wajukuu huacha kuwasemesha. Kipimo cha usikivu hakipo kwetu, na kifaa cha kusikia kingekuwa mbali na uwezo wa mkulima hata kama kipimo kingekuwepo.

Waliokatwa miguu ni wachache kuliko hao, ila hali yao ndiyo inayoniuma kuliko zote. Mguu bandia si kitu cha kupewa mara moja ukaisha. Mwili hubadilika, kigutu hupungua nyama, mguu hulegea au kubana, ngozi huchubuka, kidonda kinaingia. Kwa mwenye kisukari kidonda hicho kinaweza kumgharimu sehemu nyingine ya mguu. Kila miaka michache mguu unahitaji kurekebishwa au kutengenezwa upya. Nchi yetu ina bahati ambayo majirani wengi hawana: pale KCMC, Moshi, kuna chuo kinachofundisha mafundi wa viungo bandia tangu 1981, na wanafunzi wake wanatoka nchi nyingi za Afrika. Lakini Moshi na Missenyi ni pande mbili za nchi. Mzee mwenye fimbo, anayehitaji msindikizaji, nauli ya watu wawili, mahali pa kulala na chakula cha siku kadhaa, haendi. Anafunga kitambaa kwenye kigutu anaendelea na maisha. Ombi langu hapa ni dogo kuliko kujenga karakana mpya: fundi aje na gari lake mara mbili kwa mwaka katika hospitali ya rufaa ya mkoa Bukoba, na katika mikoa mingine iliyo mbali, achukue vipimo safari hii, alete miguu safari ijayo. Jeshi lina magari, Afya ina mafundi, TAMISEMI inajua wazee wako vijiji gani.

Habari ya usiku huletwa na wake zao, tena kwa kuzunguka. Mama atakuja na mjukuu mwenye homa, na wakati naandika dawa atasema kwa sauti ya chini kwamba mzee halali, anashtuka anapiga kelele, anatoka nje anazunguka nyumba na panga hadi kukuche. Ukimuuliza tangu lini, atakuambia alimkuta hivyo alipoolewa. Madaktari wa Marekani waliingiza ugonjwa huu, kiwewe kinachomfuata mtu baada ya mkasa, katika mwongozo wao wa magonjwa ya akili mwaka 1980. Vijana wetu wengi walikuwa wamesharudi nyumbani. Hapakuwa na mganga wa zahanati aliyefundishwa kuutambua, kwa hiyo kijiji kilitafuta maelezo yake chenyewe: karogwa, anafuatwa na aliowaua, pombe ya lubisi imemmaliza. Na kweli wengi walikunywa, maana pombe ndiyo dawa ya usingizi iliyokuwa jirani. Wanawake hawa wameuguza ugonjwa usio na jina kwa zaidi ya miaka 40, bila mtu kuwaambia kuwa ni ugonjwa.

Unatibika. Si wote watapona kabisa, lakini mzee anayepata saa tano za usingizi kwa usiku badala ya mbili ni mtu mwingine, na mke wake pia. Tiba yake kubwa ni mazungumzo yenye utaratibu na mtu aliyefunzwa, wakati mwingine na vidonge. Hatuhitaji kumpeleka hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mirembe. Ukimtajia Mirembe mzee wa huku hatarudi tena kituoni. Muuguzi mmoja kwa kila wilaya akifunzwa vizuri, na wazee wakikutanishwa wao kwa wao chini ya usimamizi wake, tutafika mbali. Nimewaona wakikutana msibani: yule asiyesema na watoto wake huongea mpaka usiku wa manane na mwenzake wa kikosi. Nguvu hiyo ipo tayari, haijapewa nafasi tu katika tiba.

Sasa, waheshimiwa, mtaniambia kwamba wazee wote wenye miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo wana msamaha wa kuchangia gharama, na dirisha lao liko. Ni kweli, na dirisha la wazee limewasaidia watu wengi. Ila msamaha huondoa bei ya kumwona mganga. Haumfundishi mganga cha kutafuta. Mtaniambia pia kwamba Bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote Novemba 2023. Naipokea kwa mikono miwili. Na kwa sababu vitita vya mafao hupangwa na kupangwa upya, naomba viungo bandia na matengenezo yake, vifaa vya kusikia na tiba ya kiwewe visiachwe nje kwa upande wa watu hawa. Kitita kinacholipia malaria ya mzee na kuuacha mguu aliouacha Uganda hakijamfikia.

Lakini yote niliyoandika yanaanzia kwenye swali moja ambalo hatuulizi. Vituo vingi vya umma sasa vinaandikisha wagonjwa kwa kompyuta, kwenye mfumo wa GoTHoMIS. Tunamuuliza mgonjwa jina, umri, kijiji, jinsia, dini, simu ya ndugu. Ongezeni sehemu moja: amewahi kutumika jeshini, mgambo au ulinzi wa amani? Wapi, mwaka gani? Uingereza, ambayo ilifunga hospitali zake za jeshi zilizosimama peke yake, humtibu mstaafu wa jeshi katika huduma ya umma kama raia mwingine yeyote. Ila daktari wa mtaani kwake anaweza kuweka alama kwenye faili kuwa huyu alikuwa askari, na alama hiyo inaweza kumfuata anakopelekwa. Hilo halihitaji jengo. Pale ambapo kompyuta haijafika, linaingia kwenye daftari.

Litazuka suala la ushahidi, najua. Nani atathibitisha kuwa huyu alipigana, wakati hana karatasi? Nyumba za nyasi zimeungua, masanduku yameliwa na mchwa, na wengine hawakuwahi kupewa karatasi yoyote. Mwezi Agosti 2022 Marekani ilitunga sheria iitwayo PACT, ambayo imeorodhesha magonjwa yanayohesabiwa moja kwa moja kuwa yametokana na utumishi kwa askari waliokaa karibu na mashimo ya kuchomea taka huko vitani. Ikionekana kuwa mtu alitumika mahali pale, wakati ule, na ana ugonjwa ule, haambiwi tena alete uthibitisho kuwa kimoja kilisababisha kingine. Hatuna fedha za Marekani, lakini kanuni hiyo tunaweza kuwa nayo: mzigo wa kuthibitisha utoke kwa mgonjwa uende kwa serikali. Kila wilaya ina Mshauri wa Mgambo, afisa wa jeshi anayekaa jirani na ofisi ya mkuu wa wilaya. Huyo aende vijijini pamoja na mtendaji na wazee wawili waliokuwa kikosi kimoja na mhusika. Watajua kwa nusu saa nani alikuwepo Lukaya na nani alikuwa Mwanza akiuza samaki. Na kama mmoja wawili watapenya kwa uongo, watakachoiba ni eksirei na kipimo cha figo. Hasara hiyo naikubali mimi, na nadhani hata Hazina ingeikubali.

Kenya, kwa taarifa yenu, ilitunga sheria mahususi ya wanajeshi wake wastaafu mwaka 2022. Sisi, tuliopigana vita vikubwa kuliko vyao, tumewajengea waliokufa vitani makaburi mazuri Kaboya, na kila tarehe 25 Julai viongozi huweka mkuki na ngao, upinde na mshale kwenye mnara wa mashujaa. Naheshimu sana shughuli hiyo na huifuatilia redioni kila mwaka. Waliolala Kaboya wanastahili. Waliobaki hai wanastahili daktari.

Msione kama naandika kwa ajili ya wazee pekee. Julai 2013 askari wetu saba waliuawa Darfur wakilinda amani. Desemba 2017 kambi ya walinda amani wetu huko Semuliki, mashariki ya Kongo, ilishambuliwa usiku, wakafa wasiopungua 14 na wengine wengi wakajeruhiwa. Walionusurika walikuwa vijana. Wakiwa kambini wana madaktari wa jeshi, na sina shaka wanaangaliwa. Lakini mwanajeshi hustaafu mapema kuliko mwalimu, hurudi kijijini kwao akiwa na nguvu za kulima, na hospitali ya jeshi iliyo karibu yaweza kuwa mkoa mwingine. Siku hiyo atakuja kwenye kituo kama changu, atasema mgongo unamuuma na hapati usingizi, nami nitaandika diklofenaki. Miaka 40 iliyopita tulikuwa na udhuru wa kutojua. Kwa hawa hatutakuwa nao. Kabla askari hajakabidhi sare, apewe muhtasari wa afya yake wa kurasa mbili, umetiwa muhuri, na nakala iende kwenye kituo cha afya cha anakohamia. Siri za jeshi zibaki jeshini. Mimi sihitaji kujua operesheni, nahitaji kujua jeraha.

Kwa ndugu zetu wa Unguja na Pemba jambo lina mzunguko zaidi, kwa kuwa jeshi ni la Muungano na afya si ya Muungano. Walivuka bahari kuja kutupigania. Naomba wizara ya afya ya Zanzibar ikaribishwe mezani tangu mwanzo, isije ikaletewa waraka uliokwisha kuandikwa.

Ninachoomba ni waraka mmoja wenye sahihi tatu. Waziri wa Ulinzi aelekeze Washauri wa Mgambo waanze orodha, wakianza na wilaya za mpakani na mikoa iliyotoa mgambo wengi. Waziri wa Afya atoe mwongozo mfupi wa nini mganga apime akikutana na mtu wa orodha hiyo: chuma mwilini, damu, figo, masikio, kigutu, usingizi. Waziri wa TAMISEMI aagize swali liingie kwenye usajili wa kila kituo. Waraka huo usiseme "kadiri bajeti itakavyoruhusu" kwenye orodha na swali, kwa kuwa hivyo viwili vinahitaji kalamu na siku za kazi za watu ambao tayari wanalipwa mshahara. Miguu bandia, vifaa vya kusikia na mafunzo ya wauguzi vitahitaji fedha, na hapo nawaachia ninyi mkazitetee kwenye bajeti, ila mwende mkiwa na idadi. Leo hakuna kati yenu anayeweza kusimama bungeni akasema ni wapiganaji wangapi walio hai Missenyi.

Sisi wa hapa kituoni hatukukaa kusubiri. Swali tumeanza kuliuliza, kwenye daftari la kawaida lenye jalada gumu, na mama wa mapokezi amelizoea. Tunajua vijiji wanavyotoka na tunajua wanachougua. Tukipata jina la afisa mmoja katika kila wizara wa kumwandikia, na namba yake ya simu ya ofisini, tutapeleka nakala wiki hiyohiyo.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Tabibu, kituo cha afya, Wilaya ya Missenyi, Kagera